Vinasaba na Shinikizo la Juu la Damu Vijijini Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa kwenye zahanati, kwenye mikutano ya vijiji na misibani, hasa pale marehemu anapokuwa ameondoka kwa kiharusi na ndugu wakaanza kuulizana ni nani anayefuata. Majibu yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa vijiji vya Mtwara na Lindi pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaowatembelea. Hayachukui nafasi ya kipimo, wala ya ushauri wa tabibu anayemjua mgonjwa.

## Mambo ya msingi

Shinikizo la juu la damu ni nini, na hutambuliwaje?

Moyo unaposukuma damu, damu hiyo hukandamiza kuta za mishipa inamopita. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la damu, ambalo wengi wetu tunaliita presha. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa namba mbili: ya juu ni ya wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni ya wakati unapolegea. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya siku mbili tofauti vimefika au kuzidi 140 kwa namba ya juu, au 90 kwa namba ya chini, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu.

Kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya mtu kutembea mwendo mrefu juani hakimtendei haki. Anatakiwa kwanza aketi kimya kwa dakika 5, mgongo ukiwa umeegemea, miguu yote miwili ikiwa sakafuni, na mkono ukiwa umelazwa usawa wa moyo. Awe hajanywa chai wala kahawa na hajavuta sigara kwa nusu saa iliyotangulia. Ukanda wa mashine hufungwa juu ya ngozi, si juu ya mkono wa kanzu au wa baibui.

Mbona nimeambiwa nina presha na sisikii chochote?

Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa walio wengi. Mishipa ya moyo, ubongo, macho na figo huumia polepole kwa miaka bila maumivu, na dalili ya kwanza inaweza kuwa kiharusi chenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo. Kwa hiyo kusikia au kutosikia maumivu ya kichwa hakusemi lolote la kuaminika kuhusu presha ya mtu.

Tofauti za vinasaba maana yake ni nini?

Ndani ya karibu kila seli ya mwili kuna maelekezo tuliyoyapokea kutoka kwa wazazi wetu, na maelekezo hayo ndiyo vinasaba. Sehemu takriban 20,000 za maelekezo hayo, zinazoitwa jeni, huongoza utengenezaji wa protini. Watu wawili wowote hufanana kwa zaidi ya asilimia 99 ya vinasaba vyao, lakini maelekezo ni mengi mno, kiasi kwamba sehemu ndogo iliyobaki hubeba mamilioni ya tofauti. Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi baina yao kuliko watu wa bara lolote jingine, kwa sababu binadamu ameishi Afrika kwa muda mrefu kuliko kwingine kote, na waliotoka kwenda mabara mengine walikuwa kundi dogo tu.

Tofauti nyingi kati ya hizo hazina madhara yoyote. Chache hubadilisha kidogo namna figo zinavyoshika chumvi, namna mishipa inavyojikaza, au namna mwili unavyoitikia dawa.

Kwa hiyo presha inarithiwa?

Kinachorithiwa ni mwelekeo wa kuipata. Tafiti za familia na za mapacha zinaonyesha kwamba urithi hueleza takriban asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha zilizopo kati ya watu katika jamii moja. Namba hiyo ni ya jamii kwa ujumla. Haimaanishi kwamba nusu ya presha yako imetoka kwa mama yako na nusu nyingine umeipata jikoni. Mtu anaweza kurithi mwelekeo mkubwa akazeeka na presha ya kawaida, na mwingine akarithi mwelekeo mdogo akaugua kwa sababu ya unene, pombe na chumvi.

Je, ipo jeni moja ya presha ambayo wanasayansi wanaweza kuiondoa?

Kwa watu karibu wote, haipo. Maeneo ya vinasaba yanayohusishwa na presha na kujulikana hadi sasa yamezidi 1,000, na kwa kawaida kila moja huongeza au kupunguza presha kwa kiasi kisichofika hata milimita 1. Linganisha na chumvi: kupunguza chumvi kwa takriban gramu 4 kwa siku, kwa muda wa wiki nne au zaidi, hushusha namba ya juu ya mtu mwenye presha kwa wastani wa milimita 5 hivi. Maoni yangu ni kwamba mlinganisho huu ungestahili kuelezwa katika kila kliniki, kwa kuwa wagonjwa wengi hukata tamaa wakisikia neno "urithi", kana kwamba hawana tena la kufanya. Kuna familia chache sana ambamo jeni moja huleta ugonjwa mzima. Habari zao ziko kwenye swali la mwisho.

## Familia na ukoo

Kwa nini mhudumu ananiuliza habari za upande wa baba, wakati ukoo wangu ni wa mama?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa desturi huhesabiwa kwa mama, na mjomba ana neno kubwa katika mambo ya mtoto. Utaratibu huo umetulea na hauna kasoro, ila una athari moja pale zahanati. Mama akiulizwa kama kwao kuna presha, mawazo yake huenda kwa mama yake, kwa mama wadogo na kwa wajomba, naye hujibu "hapana" kwa moyo mweupe, ilhali baba yake mzazi alianguka kwa kiharusi kabla hajazeeka.

Vinasaba havifuati ukoo. Kila mtoto hupokea nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, hata kama baba alirudi kwao mtoto akiwa bado mchanga na hakuonekana tena. Shangazi mwenye presha ana uzito uleule wa mjomba mwenye presha katika kukadiria hatari ya mtoto.

Nawashauri wahudumu waulize mtu kwa mtu badala ya kuuliza "kwenu": baba yako mzazi yu hai? Kama hayupo, alifariki akiwa na umri gani, na aliumwa nini? Shangazi zako je? Majibu pia hayatakuja kwa lugha ya hospitali. Wengi watasema "alipooza", "alianguka chooni asubuhi", "alivimba miguu akawa hapumui vizuri" au "alikufa ghafla shambani". Maneno hayo hayathibitishi presha, lakini mhudumu anayeyaandika jinsi alivyoyasikia anampa tabibu habari za kufanyia kazi.

Mzazi wangu ana presha. Hatari yangu imeongezeka kwa kiasi gani?

Mtu mwenye mzazi mmoja mgonjwa kwa kawaida ana hatari ya takriban mara moja na nusu hadi mara mbili ya yule ambaye wazazi wake hawakuugua, na hatari hupanda zaidi kama wazazi wote wawili wanaugua au kama waliugua wakiwa bado vijana. La kufanya ni kupimwa mapema, na kurudia angalau mara moja kila mwaka hata kama kipimo cha kwanza ni kizuri. Usisubiri ufikie umri ambao mzazi wako alianza kuumwa.

Katika nyumba yetu wamepooza watatu. Wapo wanaosema tumetupiwa kitu. Tuamini lipi?

Kwanza, mtu akipinda mdomo, akilegea mkono au mguu wa upande mmoja, au maneno yake yakawa hayaeleweki, apelekwe hospitali saa hiyohiyo; mambo mengine yatajadiliwa baadaye. Kila saa inayopita ubongo unaendelea kufa.

Ama kuhusu ugonjwa unaorudi katika nyumba moja, ni kweli kwamba unatisha, na ni haki ya familia kutafuta sababu. Lakini ndugu wa damu wana vinasaba wanavyoshiriki, na mara nyingi hula chungu kimoja, chumvi ile ile na kitoweo kile kile kwa miaka mingi. Mambo hayo mawili yakikutana yanatosha kabisa kuwaangusha watu watatu wa nyumba moja bila mkono wa jirani yeyote. Inauma kuona familia imevunjika kwa tuhuma wakati ndugu waliobaki, ambao wangeweza kuokolewa kwa kipimo cha dakika chache, hawajapimwa.

## Asili yetu na mazingira yetu

Ni kweli kwamba Waafrika, au makabila fulani ya kusini, wana damu ya presha?

Hapana. Kabila ni lugha, mila na historia; si aina ya damu. Wamakonde wawili wa Newala wanaweza kutofautiana kivinasaba kuliko wageni wawili kutoka nchi moja ya Ulaya.

Ushahidi mzuri upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watu wenye asili ya Afrika Magharibi wanaoishi katika mazingira tofauti. Waliokuwa na presha walikuwa asilimia 16 huko Afrika Magharibi, asilimia 26 katika visiwa vya Karibi, na asilimia 33 Marekani. Asili ni ya karibu. Kilichotofautiana zaidi ni maisha. Hapa Afrika Mashariki, utafiti wa Wajaluo wa Kenya uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia watu waliohama kijijini kwenda Nairobi, ukaona presha zao zimeanza kupanda ndani ya muda mfupi baada ya kuhama, huku mkojo wao ukionyesha sodiamu (madini yaliyomo ndani ya chumvi) nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu (madini yaliyomo kwenye mboga na matunda). Vinasaba vyao havikubadilika safarini. Na hapa Tanzania, Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini wana presha za chini, na wenye ugonjwa huu kati yao ni wachache.

Basi kijijini tuko salama, presha ni ya mjini?

Ilikuwa rahisi kusema hivyo zamani. Leo msimu wa korosho huleta fedha, na fedha huleta bodaboda badala ya kutembea, mafuta ya kupikia kwa dumu, na vidonge vya kuongezea ladha kwenye mchuzi, ambavyo vimejaa chumvi. Kijiji kimesogelewa na maisha ya mjini, ila mashine ya kupimia presha bado iko mbali.

Nimesikia kwamba miili yetu hushika chumvi. Ina maana gani?

Figo huamua chumvi kiasi gani itoke na mkojo na kiasi gani irudi kwenye damu. Chumvi ikibaki, maji hubaki pamoja nayo, na presha hupanda. Watu hutofautiana: wapo ambao chumvi nyingi haiwabadilishi sana, na wapo ambao presha yao hupanda waziwazi. Hali hii ya pili huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, ambao wengi wao pia huwa na kiwango kidogo cha renini, kemikali ya figo inayosaidia kuendesha presha.

Baadhi ya wanasayansi wanadhani kwamba katika nchi za joto, ambako jasho lilitoka kwa wingi na chumvi ilikuwa adimu, vinasaba vya kushika chumvi vilimsaidia binadamu kuishi. Ni nadharia yenye mantiki, ingawa haijakubaliwa na wote. Jambo lisilo na shaka ni kwamba chumvi si adimu tena, hasa kwetu sisi tunaoishi karibu na mashamba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha chumvi iliyomo tayari ndani ya chakula. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi ndio wanaoharibu hesabu. Walowekwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, walowekwe tena, kisha wapikwe bila kuongeza chumvi hata chembe. Kisamvu, matembele, ndizi na machungwa vina potasiamu, ambayo husaidia figo kuitoa sodiamu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kabla ya kuongeza vyakula hivyo, kwa kuwa potasiamu inaweza kumzidi.

Chumvi ya mawe ya mashambani ni nafuu kwa mwenye presha kuliko ya dukani?

Hapana, sodiamu ni ile ile. Tofauti kubwa ni kwamba isiyotiwa madini joto inaongeza hatari ya tezi la shingo.

Na uraka je?

Pombe yoyote ikinywewa kwa wingi hupandisha presha, iwe uraka wa mabibo, gongo au bia ya chupa. Kipindi cha mabibo wengi hunywa kila siku, na mwenye wazazi wagonjwa anaongeza mzigo juu ya mzigo aliozaliwa nao. Bibo lenyewe likiliwa bichi halina tatizo hilo.

Je, kweli kuna jeni ya Kiafrika inayoharibu figo?

Ipo jeni iitwayo APOL1, ambayo kila binadamu anayo. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba aina mbili za jeni hiyo, zilizopewa majina ya G1 na G2, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyezirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Aina hizi hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara, zaidi Afrika Magharibi kuliko kwetu Mashariki.

Sababu ya kuwepo kwake inagusa historia yetu. Protini ya APOL1 huua vimelea vya jamii ya vile vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao wakazi wa Liwale wanawajua vizuri. Aina ya vimelea vya malale inayopatikana Tanzania imejifunza kuikwepa protini ya kawaida, lakini aina ya G2 humpa mtu kinga fulani dhidi yake. Kinga ile ile iliyowaokoa wahenga ndiyo inayowagharimu baadhi ya wajukuu figo zao.

Figo zilizoumia hupandisha presha, na presha huziumiza figo zaidi. Hata hivyo wengi wenye G1 au G2 hawaugui, na maambukizi ya VVU yasiyotibiwa ni miongoni mwa mambo yanayoamsha hatari hiyo. Kwetu tusisahau kwamba figo huharibiwa pia na kichocho cha mkojo kilichoachwa bila dawa, na hilo halina uhusiano na urithi.

## Vipimo, utafiti na dawa

Nipime vinasaba ili nijue kama nitapata presha?

Sikushauri. Kipimo hicho hakipo zahanati, ni ghali, na majibu yake kwa presha ya kawaida hayabadilishi tiba. Mahesabu ya hatari yanayojumlisha maelfu ya tofauti za vinasaba yametengenezwa zaidi kwa takwimu za Wazungu, na hupoteza usahihi yanapotumika kwa Waafrika: uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asilimia 78 ya watu waliokuwa katika tafiti za vinasaba vya magonjwa walikuwa na asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa takriban asilimia 2. Historia ya familia iliyoulizwa vizuri pamoja na mashine ya presha vinakupa habari zinazofaa zaidi kwa sasa.

Watafiti wakija kijijini kuomba damu, tukubali?

Upungufu uliotajwa hapo juu hautaisha bila Waafrika kushiriki, kwa hiyo naona kushiriki ni jambo jema, kwa masharti. Utafiti wa afya nchini lazima uwe na kibali cha maadili, ambacho kwa ngazi ya taifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Omba kukiona. Uliza damu itahifadhiwa wapi, kama itasafirishwa nje, itatumika kwa jambo jingine baadaye au la, na kama utapewa majibu yako ya presha siku hiyohiyo. Una haki ya kukataa au kujitoa bila kunyimwa matibabu. Idhini ya mwenyekiti wa kijiji haiwi idhini yako.

Kwa nini dawa yangu si sawa na ya jirani?

Umri, ujauzito, figo, kisukari na bei vyote huamua, na urithi una nafasi yake. Kwa kuwa Waafrika wengi wana renini kidogo, dawa zinazozuia mfumo wa renini zikitumika peke yake mara nyingi hushusha presha kidogo kuliko zile za kulegeza mishipa kama amlodipini, au za kuongeza mkojo. Jaribio la dawa lililofanywa katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na majirani zetu wa Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Hayo ni ya wastani, na wewe si wastani. Usibadilishane vidonge na jirani, wala usiache dawa kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri, kwa kuwa mara nyingi ni dawa ndiyo iliyokifanya kizuri.

Nilivimba midomo baada ya kuanza dawa. Ni aleji ya kawaida?

Kama dawa ni kaptoprili, enalaprili au lisinoprili, acha mara moja na uende hospitali, kwa kuwa uvimbe unaweza kufika kooni na kuziba pumzi. Hali hii huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko wengine. Jina la dawa liandikwe kwenye kadi yako ili usipewe tena.

## Hali za pekee

Mama yangu alipata kifafa cha mimba. Nami ni mjamzito. Nifanyeje?

Mwambie mkunga katika hudhurio la kwanza, kwa sababu hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine, na presha yako ipimwe kila hudhurio. Kama upo kwenye dawa za presha, sema mapema: dawa zilizotajwa kwenye swali lililotangulia hazifai katika ujauzito. Kichwa kikali, macho kuona ukungu au maumivu chini ya kifua upande wa kulia ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Kwetu mtu huweza kumwoa binamu yake. Presha itawazidi watoto?

Kwa presha ya kawaida, inayotokana na tofauti nyingi ndogondogo, cha kuangalia zaidi ni kama wagonjwa wapo pande zote. Binamu hushiriki babu na bibi, hivyo magonjwa yanayohitaji nakala mbili za jeni ndiyo yanayopata nafasi zaidi, mfano selimundu, na vilevile hatari ya figo iliyoelezwa kwenye swali la APOL1. Familia yenye wagonjwa wa figo kadhaa inafanya vyema kuzungumza na daktari kabla ya kupanga ndoa ya namna hiyo.

Mwanangu ana miaka 19 na presha yake ni 180 kwa 110. Je, huu ni urithi?

Kwa umri huo tabibu atatafuta kwanza sababu iliyojificha: figo, mishipa ya figo, au tezi zilizo juu ya figo. Asiachiwe zahanati peke yake. Apelekwe hospitali kubwa, kama Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ambako ataanza kuchunguzwa mkojo, figo na potasiamu.

Hapa ndipo magonjwa ya jeni moja, yaliyotajwa mwanzoni, yanapofikiriwa. Mojawapo ni ugonjwa wa Liddle, uliopewa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1963. Milango ya figo inayorudisha sodiamu kwenye damu hubaki wazi kupita kiasi, presha hupanda tangu ujanani, na potasiamu mara nyingi hushuka. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini kuujua kuna faida kubwa, kwani dawa nyingi za kawaida hazitoshi, ilhali amiloridi, inayofunga milango hiyo, huushusha vizuri pamoja na kupunguza chumvi. Nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuuleta, kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nao. Kijana akithibitika kuwa na ugonjwa wa aina hii, wazazi wake na ndugu zake wote wa damu, wa upande wa baba na wa mama, wapimwe presha hata kama wanajisikia wazima.